Nani Aliamua Mama Yuko Tayari Kwenda Nyumbani?

Wasee, hii posti ni ndefu kuliko zile zangu za kawaida. Haina video, haina muziki. Kama uko kwa matatu na jam imekuweka, una bahati, soma pole pole.

Naianza na sistangu. Alijifungua usiku wa Jumanne, saa nane hivi, mtoto msichana, kilo tatu na kitu, bila kupasuliwa. Hospitali siitaji, na sidhani inahitaji kutajwa, kwa sababu ukiuliza shangazi zako watano utapata hii stori mara tatu na hospitali tatu tofauti. Kitandani walikuwa wawili, yeye na msichana wa miaka 19, wamelala mzungu wa nne, watoto wamebanwa katikati. Saa nne asubuhi nesi mmoja akapita mbio na faili mkononi: "Wewe uko sawa? Mtoto ananyonya?" Sistangu akasema yuko sawa. Kufikia saa tisa mchana tulikuwa stejini tunabishana na kondakta asitupandishie nauli kwa sababu ya mfuko wa mtoto.

Masaa 13.

Siku ya tatu akaanza kuumwa na kichwa. Mathe alikuwa ameshafika kutoka ushago na njahi kwa gunia, akasema ni kukosa usingizi, kila mzazi hupitia hiyo. Shemeji akaenda kuleta Panadol. Mimi sikusema kitu, nilikuwa na umri wa miaka 20 na mambo ya wodi ya akina mama niliyajua kama vile najua kuendesha ndege. Aliyetuokoa ni Shosh wa nyumba ya pili, nesi aliyestaafu, ambaye alikuja tu kuona mtoto na kuweka noti ya mia mkononi mwake kama ilivyo desturi. Akamtazama sistangu, akamuuliza, "Kichwa kinauma mbele au nyuma? Unaona vizuri, ama unaona kama nyota nyota?" Akaona nyota nyota. Shosh akatuma mtoto alete mashine yake ya presha. 170 kwa 110.

Sitawaeleza safari ya teksi. Hospitali ya pili ilimtundikia dawa kwa mshipa na daktari akatuambia neno ambalo nilidhani linahusu wajawazito pekee: kifafa cha mimba. Kumbe kinaweza kukupata hata wakati mimba yenyewe imeshatoka. Sistangu yuko hai, mtoto sasa anakimbia na kuvunja chaja zangu. Bili ililipwa na, pamoja na vitu vingine, karo yangu ya semesta. Wale mmekuwa mkiuliza kwa komenti mbona nilitoka chuo, sehemu ya jibu ndiyo hiyo. Nilikuwa nasomea ualimu, Kiswahili na Historia.

Basi historia ndiyo nimekuja nayo leo. Kwa sababu lile swali halijaniacha: ile saa tisa mchana, nani aliamua kwamba sistangu alikuwa tayari? Na wakitumia kipimo gani? Nimesoma sana kuhusu hii kitu, na nilichogundua ni kwamba kwa karibu miaka 150 watu wamekuwa wakijibu swali la "mama ako tayari?" kwa kuangalia kila kitu isipokuwa mama mwenyewe. Wameangalia kalenda. Wameangalia kitanda. Wameangalia bima. Wameangalia risiti.

Tuanze nyuma kidogo, wakati hakukuwa na kutoka kwa sababu hakukuwa na kuingia. Mwanamke alijifungulia nyumbani. Ukienda Pwani, aliyejifungua anaitwa mzazi, na mzazi ana arobaini yake: siku 40 za kukaa ndani, kukandwa na maji ya moto, kunywa uji wa pilipili manga, na watu wa kumfanyia kazi. Kwetu bara ni njahi na mama mkwe asiyetoka jikoni. Sisemi hayo yalikuwa maisha ya raha. Wengi walikufa, na kukandwa hakuzuii damu inayomwagika. Lakini angalia kitu kimoja: katika huo mpango hakuna mtu anayemuuliza mzazi kama yuko tayari kurudi kazini, kwa sababu watu walishakubaliana mapema kwamba hayuko. Kuna macho juu yake siku 40. Hiyo sehemu iweke kando, tutairudia.

Sasa hospitali. Kizazi chetu kimekua kikiambiwa hospitali ndiyo mahali salama pa kujifungulia, na ni kweli leo. Lakini karne ya 19 hospitali za uzazi za Ulaya zilikuwa mahali pa kukimbia. Pale Vienna kulikuwa na wodi mbili katika hospitali moja, moja ya madaktari na wanafunzi wao, nyingine ya wakunga. Mwaka 1846 wodi ya madaktari ilipoteza zaidi ya mama 11 kati ya kila 100 kwa homa ya uzazi. Ya wakunga, chini ya 3. Wanawake wa mji walijua. Walikuwa wakiomba wasipelekwe wodi ya kwanza, na wengine waliona afadhali kujifungulia njiani. Daktari Ignaz Semmelweis akagundua mwaka 1847 kwamba madaktari walikuwa wanatoka kupasua maiti na kwenda moja kwa moja kupima akina mama, bila kuosha mikono ipasavyo. Akawalazimisha kuosha kwa maji ya klorini, vifo vikashuka sana. Wenzake hawakumshukuru, lakini hiyo ni posti nyingine.

Florence Nightingale pia, yule mnamjua kwa picha ya taa, alikuwa na wodi ya kufundishia wakunga pale King's College Hospital, London, na ikafungwa mwaka 1867 kwa sababu ya homa hiyo hiyo. Akakaa chini akakusanya hesabu za vifo, akatoa kitabu mwaka 1871, na hesabu zake zilionyesha kwamba mwanamke aliyejifungulia nyumbani alikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kuishi. Kwa hivyo wakati huo jibu la "lini aondoke?" lilikuwa rahisi: haraka iwezekanavyo, na ikiwezekana asije kabisa.

Mikono ilipoanza kuoshwa na hospitali zikatulia, mambo yakageuka kwenda upande ule mwingine. Ikawa siku 10. Uingereza, baada ya sheria ya wakunga ya mwaka 1902, kanuni zilimtaka mkunga amwangalie mama kwa siku 10 baada ya kujifungua, na desturi ilikuwa siku hizo nyingi alale kitandani tu. Kwa nini 10 na si 7 ama 12? Hakuna mtu aliyepima mama mmoja mmoja. Ni kalenda. Siku ya kumi ikifika, amka. Uwe na nguvu usiwe nazo, siku ya kumi ni siku ya kumi.

Na hiyo kalenda haikuvunjwa na mtu aliyewauliza akina mama. Ilivunjwa na vita. Vita vya Pili vya Dunia vilikula vitanda na manesi, na mara baada ya vita watoto wakazaliwa kwa wingi, kwa hivyo mama wakaanza kuamshwa mapema. Ndipo ikaonekana kwamba kuwalaza siku 10 hakukuwa hata na faida waliyodhani, maana kulala sana kunafanya damu igande miguuni, na damu ikiganda inaweza kuua. Kwa hivyo kuna wakati uhaba wa vitanda ulifundisha kitu cha kweli. Nasema hivi kwa sababu najua mtu atakuja kwa komenti kusema nachukia kila kitu cha haraka. Sichukii. Mama mzima anayetaka kwenda kwake aende. Shida ni pale kitanda kinapokuwa daktari.

Wamarekani ndio walipeleka hii kitu mbali mpaka ikawa aibu. Mwaka 1970 mama aliyejifungua kawaida alikaa hospitalini karibu siku 4. Kufikia mwaka 1992 zilikuwa 2 na kidogo. Halafu kampuni za bima zikaingia na kalkuleta, katikati ya miaka ya 1990 nyingi zikawa zinalipia masaa 24 tu, na zingine chini ya hapo. Watu wakaanza kuuita uzazi wa kupitia dirishani, kama kununua chipsi ukiwa ndani ya gari. Watoto wakarudishwa hospitalini wamekuwa wa manjano ama wameishiwa maji mwilini kwa sababu waliondoka kabla maziwa hayajashuka. Makelele yakawa mengi hadi mwaka 1996 Bill Clinton akatia sahihi sheria: bima inayolipia uzazi haiwezi kukata chini ya masaa 48 kwa aliyejifungua kawaida, wala chini ya 96 kwa aliyepasuliwa, isipokuwa daktari na mama wakubaliane aondoke mapema.

Nilipoisoma hiyo sheria mara ya kwanza nilishangilia. Mara ya pili nikaona imerudi palepale pa kalenda. Inasema masaa. Haisemi ni nini kinapaswa kufanyika ndani ya hayo masaa. Unaweza kulala masaa 48 ukitazama dari na uende nyumbani hujui chochote.

Haya, turudi nyumbani. Pumwani ilianza mwaka 1926 ikiitwa kwa jina la Lady Grigg, mke wa gavana wa mkoloni, Edward Grigg. Ndiyo hospitali ambayo nusu ya watu ninaowajua Nairobi walizaliwa, na wengine wenu mnaosoma hii. Nairobi wakati huo haikutaka sana wanawake Waafrika mjini, ilitaka wanaume wa kufanya kazi na kurudi kwao, kwa hivyo hospitali ya uzazi ya Waafrika katikati ya mji ni kitu ambacho peke yake kinastahili stori. Leo naruka hadi mwaka 1989, serikali ilipoleta mpango wa kugawana gharama. Kabla ya hapo hospitali za umma zilikuwa bure au karibu bure. Baada ya hapo, kuna dirisha la keshia.

Na dirisha la keshia lilibadilisha maana ya neno "tayari". Nesi angeweza kuandika kwamba mama ni mzima, mtoto ni mzima, waende. Lakini hiyo karatasi haikuwa na nguvu mpaka igongwe muhuri wa pili, wa malipo. Mama asiyekuwa na pesa hakutoka. Alibaki wodini, mara nyingi akiwa ameshaondolewa kwa kitanda kwa sababu kitanda ni cha wagonjwa na yeye si mgonjwa tena. Mwaka 2007 FIDA Kenya pamoja na Center for Reproductive Rights walitoa ripoti ya mambo waliyosimuliwa na wanawake kuhusu hospitali za uzazi, na kufungiwa kwa sababu ya bili kumo ndani.

Halafu kuna kesi ambayo nadhani kila msee wa umri wetu angepaswa kuisoma shuleni. Wanawake wawili walikwenda mahakamani kwa sababu walifungiwa Pumwani baada ya kujifungua, mwaka 2010. Mmoja wao alizuiliwa kwa siku zaidi ya 20 na mtoto mchanga, akilala sakafuni. Sababu ni bili ya shilingi elfu kadhaa, pesa ambayo leo mtu anapoteza kwa mechi ya Jumamosi. Septemba 2015 Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu aliamua kwamba kuwafungia kulivunja haki zao, uhuru wao na heshima yao, akaagiza mmoja alipwe shilingi 1,500,000 na mwingine 500,000.

Ninapofikiria hao mama wawili nafikiria sistangu. Wao waliambiwa wako tayari lakini hawawezi kutoka. Yeye hakuwa tayari na akatolewa. Ukiziweka hizo stori mbili kando kando utadhani ni kinyume. Mimi naona ni stori moja. Kwa hao wawili kilichosomwa ni risiti. Kwa sistangu kilichosomwa ni foleni ya mama waliokuwa wakisubiri kitanda. Hakuna pahali popote mwili wa mwanamke ulisomwa.

Foleni yenyewe ina historia, na siyo historia mbaya. Tarehe 1 Juni 2013, siku ya Madaraka, Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kwamba kujifungua katika hospitali za umma ni bure. Baadaye ikaja Linda Mama, iliyozinduliwa mwaka 2016. Mwaka 2024 NHIF ikaondoka na SHA ikaingia, na hiyo bado inaendelea, kila mtu ana maoni yake. Lakini angalia hii: utafiti wa serikali wa mwaka 2008 na 2009 ulionyesha watoto 43 kati ya 100 ndio waliozaliwa katika kituo cha afya. Mwaka 2014 walikuwa 61. Mwaka 2022 walikuwa 82. Ndani ya muda mfupi hivyo, kutoka chini ya nusu hadi zaidi ya wanne kwa kila watano! Hiyo ni kazi kubwa na sitaki mtu aipuuze. Shida ni kwamba mama walifika haraka kuliko vitanda, na haraka kuliko manesi. Ile habari ya wawili kwa kitanda kimoja tuliiona kwa runinga wiki chache tu baada ya tangazo la 2013.

Na mwenye kitanda cha nusu hukaa nusu. Nadhani hata wewe ungetaka kwenda nyumbani.

Hapa ndipo stori yangu inakuwa na aibu kidogo, kwa sababu sistangu alitaka kutoka. Tukimlaumu yule nesi peke yake tunadanganyana. Aliulizwa "uko sawa?" na akajibu ndiyo, kwa mdomo wake. Alikuwa hajalala, mwenzake wa kitandani alikuwa analia, shuka lilikuwa limelowa, na shemeji alikuwa nje ameomba ruhusa ya nusu siku kazini. Ungekuwa yeye ungesema nini?

Kuna watafiti walioligusa hili jambo vizuri. Marekani, katika mji wa Milwaukee, kuna mtafiti wa uuguzi anaitwa Marianne Weiss ambaye aliandika, na wenzake, orodha ya maswali ya kupima kama mtu yuko tayari kutoka hospitalini. Kuna toleo la mama waliojifungua. Unajibu kwa namba kutoka 0 hadi 10. Una nguvu kiasi gani? Maumivu je? Unajua kiasi gani kuhusu kujitunza na kumtunza mtoto? Utaweza kazi inayokusubiri nyumbani? Utapata msaada kiasi gani huko? Ona tofauti ya hayo maswali na "uko sawa?". "Uko sawa" ni salamu. Kenya ukiulizwa uko sawa jibu ni moja tu, hata ukiwa umekanyagwa na trela.

Na tena, wenzake na Weiss walipolinganisha majibu ya wagonjwa na ya manesi wao kwenye wodi za kawaida za watu wazima, waliona kwamba makadirio ya nesi ndiyo yaliyotabiri vizuri zaidi nani atarudi hospitalini. Kwa nini? Mimi ninadhani ni kwa sababu mgonjwa anataka kwenda kwao. Nesi aliye na nafasi ya kukutazama ataona vile umeshika ukuta ukienda choo. Kwa hivyo kumuuliza mama peke yake haitoshi, na kumtazama bila kumuuliza haitoshi pia, na yote mawili yanahitaji nesi ambaye hana wengine 30 wa kuwaona kabla ya saa sita.

Shirika la Afya Duniani, WHO, limekuwa likisema tangu mwaka 2013 kwamba mama aliyejifungua kawaida bila shida akae kituoni angalau masaa 24. Sistangu alipata 13. Lakini hapa nataka muwe makini, kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa nimeshika hiyo namba kama rungu, nikiamini kwamba angekaa 24 yasingemtokea. Si kweli. Presha ya aliyejifungua huwa inapanda zaidi kati ya siku ya 3 na siku ya 6. Angekaa masaa 24, wangempima, wangeona presha ya kawaida, wangemruhusu, na siku ya tatu kichwa kingemuuma vile vile.

Kilichokosekana ni kitu kingine. Mwaka 2022 WHO walitoa mwongozo mpya, na ndani yake wanasema kabla mama hajaruhusiwa kuna mambo ya kuangaliwa: mwili wake na wa mtoto, ndiyo, presha, damu, mkojo, joto, mtoto ananyonya vipi. Lakini pia moyo wake uko wapi. Pia kama anajua na anajiamini kujitunza na kumtunza mtoto. Pia nyumbani anakoenda kukoje. Halafu aonwe tena kati ya masaa 48 na 72, tena kati ya siku ya 7 na ya 14, tena wiki ya 6.

Masaa 48 hadi 72 ni siku ya tatu, wasee. Siku ya Shosh.

Hiyo arobaini niliyowaambia muiweke kando, hiki ndicho nilikuwa nataka kusema kuihusu. Haikuwa dawa. Ilikuwa mpango wa macho. Tumehamisha uzazi kwenda hospitali, jambo zuri, lakini macho hatukuyahamisha. Tuliyaacha ushago. Msichana anayeishi bedsitter ya orofa ya tano Pipeline, bwana yuko shifti ya usiku, mama mkwe yuko Busia, jirani humjui hata jina, huyo anaruhusiwa kwa fomu ile ile na yule mwenye shangazi watatu sebuleni. Fomu haiulizi.

Mnakumbuka Aprili 2018, Kate wa kule kwa mfalme alipojifungua Louis? Mtoto alizaliwa saa tano asubuhi, na kabla ya saa kumi na mbili jioni mama alikuwa mlangoni mwa hospitali na viatu virefu, nywele zimetengenezwa, akipungia kamera. Masaa 7. Watu mtandaoni wakaanza kulinganisha, eti mbona wetu wanalalamika. Lakini huko Uingereza mkunga huja kukuona nyumbani, na si kwa malkia pekee, hata kwa mama wa kawaida wa nyumba ya kaunsili. Masaa 7 na mkunga mlangoni ni kitu tofauti kabisa na masaa 13 na Panadol.

Sensa yetu ya mwaka 2019 ilihesabu vifo 355 vya akina mama kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai. Kwa hiyo namba kuna waliokufa wakijifungua, kuna waliokufa kwa kuvuja damu masaa ya kwanza, na kuna wale waliopewa fomu, wakapanda matatu, wakafika nyumbani, wakasema kichwa kinauma.

Najua kuna msee anajiuliza hii inakuhusu nini wewe kama kijana wa kiume. Inanihusu kwa sababu nilikuwa pale siku tatu na sikujua hata swali la kuuliza. Kijitabu cha Afya ya Mama na Mtoto kilikuwa juu ya friji. Dalili za hatari zimo ndani. Hakuna aliyetuambia tukifungue.

Nimalizie na siku ambayo sistangu alikuwa aruhusiwe mara ya pili, ile hospitali ya baadaye. Presha ilikuwa imeshuka, daktari alishakubali. Mimi na shemeji tuko chini na mfuko na shali ya mtoto, teksi tumeshaita. Tukangoja. Tukangoja tena. Kumbe huko juu kulikuwa na nesi mmoja, mama wa makamo, amevuta kiti akakaa kando ya kitanda. Sistangu ndiye aliyenisimulia. Nesi hakumuuliza kama yuko sawa. Alimuuliza, "Ukifika nyumbani, kesho kutwa kichwa kiume tena, utafanya nini?"

Sistangu akasema, "Nitameza Panadol nilale."

Nesi akaweka kalamu chini. Akamuuliza nani yuko naye nyumbani mchana, nani yuko naye usiku, choo kiko ndani au nje, kituo cha afya kilicho karibu ni kipi na boda ni pesa ngapi hadi hapo usiku. Akamuuliza ni nani alisema kile kichwa cha kwanza ni usingizi. Sistangu akamwambia ni mama.

"Basi leo huendi," nesi akasema. "Kesho mama yako aje hapa, na bwanako apande juu asikae huko chini. Nataka kuongea na hao watu wako wote pamoja."

Tuliambiwa kwa simu. Shemeji akapiga hesabu ya bili ya siku moja zaidi, akanyamaza, akaenda kuongea na mtu wa teksi. Mimi nikachukua mfuko nikarudi nao mtaani.